Mwenye Mbegu na Mwenye Jembe

Katika mali yote ya mkulima hakuna kitu kidogo kama mbegu, wala hakuna kilicho kikubwa kuipita. Jembe likivunjika huazimwa la jirani. Ng'ombe wa kulima akifa, mkono hushika mpini. Mvua ikichelewa, mtu hungoja. Lakini asiye na mbegu siku ya kupanda hana mwaka. Kwa hiyo atakaye kujua kama mkulima yu huru au yu mtumwa, asitazame shamba lake tu, wala nyumba yake, wala mfuko wake. Na aulize: mbegu yake ya mwakani imo mikononi mwa nani?

Swali hili sikulipata vitabuni. Lililetwa darasani kwangu na mwanafunzi. Tulikuwa na mdahalo juu ya makampuni ya mbegu, kama yameufaa ukulima wetu au yameudhuru. Wa upande wa kwanza walisema vizuri, na wa upande wa pili walisema kwa sauti kubwa zaidi, kama ilivyo desturi ya midahalo ya vijana. Tulipokuwa karibu kupiga kura, msichana mmoja aliyeketi nyuma, ambaye hakuwa amesema neno tangu mwanzo, alisimama akauliza, "Mwalimu, mama yangu huwapa majirani mbegu za kunde, nao humpa za mtama. Nimesikia kwamba jambo hilo laweza kumtia mtu jela. Je, mama yangu ni mhalifu?"

Darasa lilinyamaza, nami nilinyamaza pamoja nalo. Kengele ya saa nne ikaniokoa. Lakini kengele si jibu. Nilikwenda zangu nikijua kwamba nina deni kwa mtoto yule, na maneno haya ni malipo yake.

Wako wengi leo wanaojitahidi kuijenga kesho ya ukulima. Wako wenye mbolea na wenye dawa. Wako wenye matrekta. Na siku hizi wako wanaompelekea mkulima habari za mvua na bei za soko kwa njia ya simu. Kila mmoja ameshika ncha yake ya kamba. Mimi nitasema juu ya wenye mbegu peke yao, kwa sababu mbegu ndiyo mwanzo wa mengine yote, na haki ikipatikana katika mwanzo hutumainiwa katika mwisho.

Mtu mwadilifu huanza kwa kuusikiliza upande ambao moyo wake hauupendelei. Mimi ni mtoto wa mkulima, na moyo wangu huelemea kwenye ghala la mama yangu. Kwa hiyo nitaanza na wataalamu na makampuni, nikitaja mema yao kwanza.

Chakula kikuu cha Wakenya wengi ni ugali wa mahindi. Hata hivyo mahindi si mzaliwa wa bara letu. Asili yake ni nchi ya Meksiko, ambako wakulima wa kale waliyatoa katika jamii ya majani ya mwituni kwa kuchagua punje bora mwaka hata mwaka, kwa muda wa maelfu ya miaka. Yalivuka bahari na kufika Afrika baada ya Wazungu kufika Amerika katika karne ya kumi na tano. Ni mgeni aliyepokewa vema, hata mwenyeji akasahau kwamba alikuwa mgeni.

Katika miaka ya 1950 wataalamu wa kituo cha utafiti cha Kitale, wakiongozwa na M. N. Harrison, walianza kazi ya kuyatengeneza mahindi haya upya. Walichukua mahindi meupe yaliyokuwa yakilimwa katika nyanda zetu za juu, wakayasafisha kwa kuyachagua. Kisha wakayaoza na mahindi yaliyotoka katika nchi ya Ecuador, Amerika ya Kusini, ambako nako kuna milima mirefu kama yetu. Katika ndoa hiyo ilizaliwa mbegu iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1964 kwa jina la Hybrid 611. Katika majaribio ilizidi aina bora iliyoitangulia kwa kadiri ya arobaini kwa mia. Yaani shamba lililokuwa likitoa magunia kumi lingeweza kutoa kumi na manne, kwa ardhi ile ile na jembe lile lile. Kampuni ya Mbegu ya Kenya, iliyokuwa imeanzishwa Kitale mwaka 1956, iliizalisha mbegu hiyo, nayo ikauzwa hata katika maduka madogo ya vijijini. Wakulima wadogo waliokuwa wakidhaniwa kuwa ni wazito wa kubadilika waliipokea upesi. Hapo walithibitisha kwamba mkulima hakatai jambo jipya kwa kuwa ni jipya. Hukataa jambo lisilomfaa.

Wako pia maadui ambao mkulima hawezi kuwashinda peke yake. Mwaka 2011 ugonjwa mgeni wa mahindi ulionekana katika wilaya ya Bomet. Ulikuwa ni ugonjwa wa virusi viwili vikishambulia mmea mmoja kwa pamoja, na mmea uliopatwa ulikauka kabla ya kuzaa. Mashamba yaliyokuwa ya kijani asubuhi ya msimu yakawa ya manjano kabla ya adhuhuri yake. Hapana kibuyu cha mbegu katika kijiji chochote kilichokuwa na dawa ya adui yule. Mwaka 2013 palifunguliwa kituo maalumu Naivasha, na hapo wataalamu walipanda maelfu ya aina za mahindi, wakazitia ugonjwa kwa makusudi, wakatafuta zile chache zilizosimama. Hiyo ni kazi ya subira, ya fedha nyingi na ya elimu kubwa. Mwenye kufanya kazi kama hiyo astahili ujira, na asemaye kwamba mbegu zote zingetolewa bure hajui jasho lililomo ndani yake.

Tena wako wadanganyifu. Miaka michache iliyopita mama yangu alinunua pakiti mbili za mbegu za mahindi katika duka moja la sokoni. Rangi ya mbegu ilikuwa nzuri na maandiko ya pakiti yalikuwa mazuri. Alipanda kwa mvua za kwanza, akangoja. Katika mistari kumi iliota mistari minne, na hiyo yenyewe ikiwa na mapengo kama kinywa cha mzee. Tulipoziosha mbegu zilizobaki, rangi ilitoka ikabaki punje ya kawaida ya kusagia unga. Aliporudi sokoni, duka lilikuwa limefungwa na mwenye duka hajulikani alikokwenda. Mwaka ule tulinunua chakula ambacho tulizoea kukiuza. Kwa hiyo nasikia vema wanenapo wale wasemao kwamba ni lazima pawe na sheria ya mbegu, pawe na wakaguzi, na kila pakiti iuzwayo iwe na mtu wa kuulizwa. Wanasema kweli, na mama yangu ni shahidi wao.

Sasa nigeukie upande wa pili, upande wa kibuyu.

Wakati wa mavuno mama yangu hapiti katika mtama wake kama mvunaji tu. Hupita kama hakimu. Hulitazama suke lililojaa, lililotoka katika shina lililosimama wakati wengine walipolala kwa upepo, akalikata peke yake. Mashuke hayo huyafunga pamoja na kuyatundika juu ya meko ili moshi uwafukuze wadudu. Kunde huzichanganya na jivu, akazitia katika kibuyu, akakiziba kwa gunzi la hindi. Dada yangu alipoolewa alikwenda kwake na vibuyu viwili: kimoja cha kunde na kimoja cha wimbi. Mbegu ile ya wimbi mama alikuwa amepewa na mama yake, naye alikuwa amepewa na mama yake. Katika safari hiyo yote hapakuwa na risiti.

Je, kazi hii si utaalamu? Tofauti ya mama yangu na mtaalamu wa Kitale ni kwamba mmoja huandika na mwingine hukumbuka. Wote wawili huchagua, hulinganisha, hutupa kibaya na kuweka chema. Na hapa ndipo tufikapo kwenye jambo ambalo aghalabu husahauliwa. Mahindi yale yaliyotoka Ecuador hayakuota yenyewe mlimani. Yalikuwa yamelelewa na wakulima wa milima ile, baba baada ya baba, hata yakaizoea baridi. Mahindi meupe ya nyanda zetu nayo yalikuwa yamechaguliwa mashambani kabla ya kuingia kituoni. Mtaalamu aliunganisha nyuzi mbili akafuma nguo nzuri, na sifa ya ufumaji ni yake. Lakini nyuzi alizikuta zimekwisha sokotwa, na wasokotaji hawakuandikwa jina mahali popote.

Basi mwenye mbegu ana deni kwa mwenye jembe, na mwenye jembe ana deni kwa mwenye mbegu. Kampuni haikuanza na mikono mitupu, wala mkulima hashibi kwa mikono yake peke yake. Tofauti ni kwamba deni la mkulima huandikwa na kudaiwa kila msimu kwa shilingi na senti, na deni la kampuni halikuandikwa. Nalo deni lisiloandikwa huwa jepesi kusahauliwa na yule anayelidaiwa.

Hapa yafaa tutenge mambo mawili ambayo wabishi hupenda kuyachanganya. Lipo fungo lililofungwa na maumbile, na lipo fungo lililofungwa na sheria. Mbegu chotara ya mahindi huzaa sana mara ya kwanza. Lakini mkulima akiweka punje za mavuno yake na kuzipanda tena, watoto wake hawafanani na wazazi: hili refu, lile fupi, hili lina gunzi kubwa, lile halina kitu. Mazao hupungua. Hilo si hila ya kampuni. Ndivyo chotara alivyo. Mkulima anayetaka mavuno yale yale hana budi kununua tena, na ananunua kwa hiari kwa sababu faida aiona. Mama yangu, pamoja na mapenzi yake kwa vibuyu, hununua mahindi chotara kila mwaka, hata baada ya kudanganywa.

Lakini kunde haziko hivyo, wala wimbi, wala mtama wa kienyeji. Hizo hurudia sura yao kizazi hata kizazi. Maumbile hayakuweka kufuli hapo. Kufuli likiwapo, limewekwa na binadamu, na lililowekwa na binadamu binadamu anaweza kuulizwa sababu yake.

Nchini Kenya Sheria ya Mbegu na Aina za Mimea ilitungwa mwaka 1972 na kufanyiwa mabadiliko mwaka 2012. Katika shabaha yake ya kuzuia mbegu mbovu na kuzilinda haki za wenye kuzalisha aina mpya, ilifika mahali ikakaza mno. Kuuza au kubadilishana mbegu ambazo hazikusajiliwa wala kuthibitishwa kuliweza kumfikisha mtu mahakamani, na adhabu yake ikawa hata kifungo cha miaka miwili, au faini ya shilingi milioni moja, au vyote pamoja. Wavu ule uliotegwa kumnasa mwenye duka wa mama yangu ulikuwa na matundu madogo hata ukamnasa na mama yangu mwenyewe. Hata hivyo Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu chake cha 11, ilikuwa imeliagiza Bunge litunge sheria za kuzitambua na kuzilinda mbegu za asili na matumizi yake katika jamii.

Mwaka 2022 wakulima wadogo kumi na watano walikwenda mahakamani. Hawakuchoma ghala la mtu wala kuziba barabara. Walisema kwamba sheria ile iliwanyima haki ya kuweka, kugawana na kubadilishana mbegu zao wenyewe. Shauri lilichukua miaka mitatu. Mwezi wa Novemba mwaka 2025 Mahakama Kuu ilitoa hukumu kwamba vifungu vilivyowaadhibu wakulima kwa jambo hilo vilikuwa kinyume cha Katiba. Kwa hiyo nililoshindwa kumjibu mwanafunzi wangu darasani, mahakama ililijibu: mama yake hakuwa mhalifu.

Pengine msomaji atauliza: ikiwa mahakama imekwisha sema, insha ni ya nini? Ni kwa sababu mahakama huamua lipi linaruhusiwa, nayo dhamiri huuliza lipi ni jema. Hukumu yaweza kubadilishwa na hukumu nyingine, na sheria na sheria nyingine. Mtu asiyejua kwa nini jambo fulani ni haki hatajua la kusema siku litakapoondolewa. Na hapa haki inayobishaniwa ni hii: je, mbegu ni mali kama mali nyingine?

Tazama jinsi dunia ilivyokwenda kwa muda mfupi. Mwaka 2017 makampuni mawili makubwa ya Marekani, Dow na DuPont, yaliungana, na kazi yao ya mbegu na dawa ikawa baadaye kampuni iitwayo Corteva. Mwaka ule ule kampuni ya taifa la China, ChemChina, ilinunua Syngenta ya Uswisi. Mwaka 2018 Bayer ya Ujerumani ilinunua Monsanto ya Marekani kwa zaidi ya dola bilioni sitini. Makampuni machache, yanayohesabika kwa vidole vya mkono mmoja, yakawa yanauza sehemu kubwa sana ya mbegu zinazouzwa duniani. Na mengi ya hayo huuza pia dawa za kunyunyizia mimea ile ile. Sisemi kwamba makampuni haya ni maovu. Kampuni haina moyo wa malaika wala wa shetani; ni chombo kilichoundwa kutafuta faida, na kinapoitafuta hufanya kile kilichoundiwa. Shoka halilaumiwi kwa kukata. Lakini mwenye akili halilazi shoka katika kitanda cha mtoto, naye mwenye nchi huangalia ni kitu gani anachoweza kukiachia soko peke yake.

Mbegu yenye wanunuzi wengi itatafutiwa wataalamu; yenye wanunuzi wachache itasahauliwa. Kampuni gani itahangaika na kunde za kilima kimoja? Hakuna, wala si kosa lake, kwa maana hesabu haikubali. Lakini yamkini katika kunde zile ndimo ilimo nguvu ya kustahimili ugonjwa ambao bado haujazaliwa. Waairishi wa karne ya kumi na tisa waliegemea karibu kabisa aina moja ya viazi. Mwaka 1845 ukungu uliingia katika viazi vile, na kwa kuwa vyote vilikuwa ndugu wa damu moja, vyote vilikufa kifo kimoja. Watu wapatao milioni moja walikufa kwa njaa na maradhi, na wengine wengi wakaihama nchi. Aina nyingi shambani ni akiba, ingawa haina kitabu cha benki.

Yuko mtu mmoja aliyelifahamu jambo hili kuliko wengi. Jina lake lilikuwa Nikolai Vavilov, Mrusi, ambaye alizunguka dunia akikusanya mbegu za wakulima. Katika miaka ya 1926 na 1927 alifika hata Ethiopia. Aliziweka katika chuo chake mjini Leningrad, ili wanadamu wa baadaye wasikose pa kuanzia. Serikali ya Stalin ilimkamata mwaka 1940, naye aliyetaka dunia nzima ishibe akafa gerezani mwaka 1943 kwa utapiamlo. Wakati huo huo majeshi ya Ujerumani yalikuwa yameuzingira mji ule, na watu walikuwa wakifa kwa njaa mitaani. Ndani ya chuo mlikuwa na magunia ya mchele, ngano, njugu na viazi. Wafanya kazi wake walivilinda usiku na mchana wasivile. Kadhaa wao walikufa kwa njaa karibu na chakula. Na miongoni mwao alikuwa Dmitri Ivanov, mtunzaji wa mpunga, ambaye alikuwa amezungukwa na maelfu ya pakiti za mpunga.

Nimewasomea wanafunzi habari hii mara nyingi, na kila mara mmoja huuliza, "Kwa nini hawakula?" Jibu ni kwamba hawakuziona kuwa ni mali yao. Waliziona kuwa ni amana. Mali mtu huila, huiuza, hata huiharibu apendavyo. Amana hawezi kuifanyia hivyo. Ameshikishwa na waliotangulia awakabidhi wanaokuja.

Hapa ndipo nisimamapo. Mbegu ina pande mbili. Kazi mpya iliyoongezwa ndani yake ni mali ya aliyeifanya, na haki yake ilipwe. Lakini shina ambalo kazi hiyo ilipandikizwa juu yake ni amana ya wote, na haipasi mtu kujenga ukuta kulizunguka akawatoza ada wale ambao babu zao walilipanda.

Mtu akikubali hivyo, wajibu wa kila mmoja hujitokeza. Wajibu wa makampuni ni kuuza kitu cha kweli kwa bei ambayo mkulima mdogo anaiweza, na kutotumia nguvu ya sheria kuufunga mlango ambao maumbile yaliuacha wazi. Ikiwa mbegu yao ni bora, itashinda sokoni bila ya kumfunga jela anayepanda nyingine. Hybrid 611 ilishinda hivyo. Wajibu wa serikali ni kuwaandama wadanganyifu bila ya kuwaandama wenye vibuyu, na kuitunza ile hazina iliyoko Muguga, ambako tangu mwaka 1988 benki ya taifa ya mbegu imeweka makumi ya maelfu ya sampuli za mimea yetu. Hazina hiyo haina budi kufunguliwa kwa mkulima pia, si kwa mwenye shahada peke yake. Mbegu iliyofungiwa katika baridi miaka yote huhifadhika, lakini haijifunzi ukame mpya wala mdudu mpya. Hujifunza shambani.

Na wajibu wa mkulima? Asijifiche nyuma ya mapokeo. Si kila kilicho cha kale ni chema. Ziko mbegu za kienyeji zilizochoka, zilizojaa ugonjwa, zinazopandwa kwa uvivu wa kutochagua. Anayedai haki ya kuweka mbegu amejitwika kazi ya kuiweka vema: kuchagua shina zima, kukausha sawasawa, kutowapa majirani kitu ambacho yeye mwenyewe hangekipanda. Kumpa jirani mbegu mbovu kwa kujua ni udanganyifu ule ule wa dukani, ingawa hakuna pesa iliyolipwa. Haki isiyo na bidii ni kama shamba lisilo na mlimaji, huota magugu.

Nasema na wewe, msomaji kijana, kwa sababu hizi ni siku zako. Baadhi yenu watakuwa wataalamu wa mimea, wakavaa koti jeupe na kutazama ndani ya darubini. Wengine watakuwa mawakala na wakurugenzi wa makampuni hayo hayo niliyoyataja. Wengine watakaa Bungeni, wakaandika vifungu vya sheria. Na wengi, wala si jambo la kuonea haya, watashika jembe. Wakati huo kila mmoja ataona haki kwa urahisi zaidi kutoka dirisha la nyumba yake. Mtaalamu ataona kazi yake, mwenye kampuni ataona gharama zake, na mkulima ataona ghala lake. Elimu mliyoipata iwasaidie kutoka nje na kuzunguka nyumba nzima.

Likizo iliyopita nilikwenda nyumbani, nikamsomea mama habari za hukumu ile. Alikuwa akipepeta kunde. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Kwani walikuwa wamekataza?" Alikuwa amegawa mbegu miaka yote hiyo bila ya kujua kwamba alikuwa akitembea ukingoni mwa jela. Nilicheka, halafu kicheko kikanikauka. Kwa maana niliona jinsi mambo ya mtu yanavyoweza kuamuliwa mbali naye, naye yuko ukumbini anapepeta.

Nilipoondoka alinipa mfuko mdogo wa kunde nimpelekee mwanafunzi wangu, ampe mama yake. Juu ya ungo wake kulikuwa na risiti ya mbegu za mahindi alizozinunua juma lile kwa msimu ujao, ameibana kwa jiwe isipeperuke. Safari hii aliidai mwenyewe dukani. Kwa upande wake amekwisha kulipa, kwa shilingi upande mmoja na kwa kibuyu upande mwingine. Wahenga walisema kwamba dawa ya deni ni kulipa. Wanaotaka kuijenga kesho ya ukulima, walio na makampuni na walio na madaraka, nao na wafungue daftari lao watazame upande usioandikwa.